Haibridi Ohio: ulizia ada ya mwaka kabla hujalipia gari

Kama wengi tuliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwenye makaratasi nimezaliwa tarehe 1 Januari. Hapa Ohio usajili wa gari huisha siku ya kuzaliwa ya mwenye gari, kwa hiyo ada hunikuta sikukuu zimeshakomba mfuko na kodi ya nyumba iko mlangoni. Mwaka wa kwanza na Prius yangu ya mtumba nilikwenda na hela ileile niliyozoea kulipia Corolla. Dada wa kaunta akanigeuzia skrini, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: dola 100 za ziada kwa sababu gari ni haibridi, yaani linatumia petroli na umeme pamoja. Nilirudi nyumbani bila stika ya usajili. Aliyeniuzia hakugusia hata neno.

Ada hiyo ilianza kutozwa Januari 2020. Gari la umeme mtupu ni dola 200 kwa mwaka, haibridi ya kuchaji kwenye soketi 150, haibridi ya kawaida 100, juu ya ada nyingine zote. Jimbo linasema barabara hutengenezwa kwa kodi iliyomo ndani ya petroli, senti 38.5 kila galoni, na magari yetu hunywa kidogo.

Nilikaa na mke wangu tukapiga hesabu. Kwa maili 12,000 kwa mwaka, gari la maili 30 kwa galoni linakunywa galoni 400, kodi yake dola 154. Prius ya maili 50 inakunywa 240, kodi dola 92.40. Ongeza ile 100, unafika 192.40. Yaani anayebana mafuta analichangia jimbo zaidi kuliko jirani yake! Hilo silikubali, na nimemwandikia mbunge wetu wa jimbo. Hata hivyo gari siliuzi: galoni 160 ninazookoa, hata kwa dola 3, ni dola 480.

Ndugu zangu mnaoendesha Uber, sikilizeni hapa. Ukipunguza gharama za gari kwenye kodi ya mapato kwa kiwango cha kila maili, yaani kiasi maalumu kwa kila maili ya kazi, ada ya usajili imeshahesabiwa humo, usiidai tena. Wala usiiandike kama kodi ya mali, maana hiyo hukubaliwa pale inapokadiriwa kwa thamani ya gari, na hii ni bei moja kwa wote. Na muuzaji akikutajia punguzo la kodi la serikali kuu la dola 7,500 kwa gari la umeme, mwambie lilikoma kwa magari yaliyonunuliwa baada ya 30 Septemba 2025.

Wanaohamia Texas, kule haibridi haitozwi. Gari la umeme ni dola 200 kwa mwaka, na jipya hulipiwa 400 za miaka miwili mwanzoni.

Ohio wanaruhusu kulipa hadi siku 90 kabla. Siku hizi natia dola 9 kwenye bahasha kila mwezi, na Novemba stika inakuwa imeshabandikwa.