Jibu: Farasi mpole nyumbani, akifika shoo anawaka

Dada, nimeona wengi wameshakujibu kwa mkato: badilisha lijamu, mkatie nafaka, mzungushe kwa kamba saa nzima kabla hujampanda. Kwa wanaoingia sasa hivi bila kusoma uzi wote: dada huyu ana farasi jike wa miaka minane aliyestaafu mbio za Ngong, uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi. Nyumbani dresaji, yaani miendo na mizunguko iliyopangwa inayofanywa mbele ya jaji, anaifanya vizuri kabisa. Akipelekwa kwenye iventi za wanaoanza (mashindano ya sehemu tatu: dresaji, nyika yenye viunzi visivyoanguka, na viunzi vya uwanjani vinavyoanguka), zile za viunzi vya sentimita 80, anatoka jasho kabla hata hajatandikwa, na mara ya mwisho aliruka ubao akatoka nje ya uwanja wa dresaji kwa miguu yote minne, wakatolewa mashindanoni. Anauliza aendelee naye au amuuze.

Mimi nilianza kama saisi, mtunza farasi, huko Karen, Nairobi, nikapanda farasi wa watu, sasa nina wangu, naye pia katoka Ngong. Masaisi wanamwita Pilipili na hawakumsingizia. Ninachokiona kimekosewa na karibu wote hapo juu ni hiki: wanadhani farasi wako ana nguvu za ziada zinazotakiwa zimalizwe. Hapana. Anaamini ni siku ya mbio, basi.

Angalia alivyolelewa. Siku ya mbio alipakiwa kwenye lori, akashushwa mahali penye spika, umati na farasi wageni. Akatembezwa, joki akarushwa mgongoni bila yeye kusimama, akapelekwa getini, geti likafunguka, akakimbia hadi mwisho wa uwezo wake. Hakuna siku aliyoshushwa kwenye lori akaambiwa asubiri saa tatu, kisha azunguke duara la mita 20 kwa troti ya upole, mwendo wa kukimbia polepole, mbele ya jaji mmoja mama aliyeketi ndani ya gari. Spika ikilia kwenye uwanja wa shoo wa Jamhuri, moyo wake unakwenda anakojua.

Halafu kuna hili la mkono, ndilo linalowatesa wengi wanaochukua farasi wa Ngong. Farasi wa mbio amezoezwa kuegemea lijamu. Joki akifupisha vigwe na kushika kwa nguvu, farasi anajitegemeza kwenye mikono ile na kuongeza mwendo. Kwa hiyo wewe unavuta ukidhani unamzuia, yeye anaelewa umemruhusu. Ukimwekea lijamu kali zaidi unaongeza maumivu juu ya kutoelewana: atainua kichwa, ataudidimiza mgongo, na kuanzia hapo hata kumgeuza kona ni kazi. Pilipili namvalisha lijamu laini ya kawaida yenye kiungo katikati, na shingoni namfunga ukanda wa ngozi, ule wa zamani wa kushikia vikuku vya kukanyagia. Nikihisi mikono inataka kuvuta, nashika ukanda. Unanisaidia nisianguke na unamhifadhi mdomo wake.

Kuzungusha kwa kamba kunaleta matokeo mazuri mwanzoni, ndiyo maana watu hawaachi kufanya hivyo. Lakini huyu ni mwanariadha. Ukimzungusha dakika 40 kila shoo unamjenga pumzi, na baada ya muda utahitaji saa nzima kupata upole uleule. Isitoshe, duara dogo kwenye ardhi ngumu ni mzigo kwa viungo na mishipa ya miguu ambayo tayari ilishakimbia mbio. Dakika kumi za kumtazama ameamkaje, sawa. Zaidi ya hapo unajichimbia shimo.

Chakula nitakipitia haraka. Nafaka punguza kama hafanyi kazi nzito, nyasi kavu zisikosekane mbele yake, usiku na mchana, hata ndani ya lori. Farasi waliotoka mbio wengi wana vidonda vya tumbo, na farasi mwenye vidonda huwa mkali anapokazwa mkanda wa tandiko, hukonda, hukosa raha. Daktari wa mifugo akimwingizia kamera tumboni ataviona, na omeprazole huvitibu. Mpe konzi kadhaa za lusini (majani ya alfalfa) kabla hujapanda: husaidia kupunguza makali ya asidi, na tumbo lenye kitu ndani halirushirushi asidi hiyo kama tumbo tupu. Dawa za kutuliza usiguse. Ni marufuku mashindanoni, na farasi aliyepumbazwa hapaswi kuruka kiunzi ambacho hakianguki.

Sasa kazi yenyewe, ambayo ni kumbadilishia maana ya shoo.

Mpeleke shoo bila kushindana. Omba nafasi ya kuja na farasi asiyesajiliwa kwenye darasa lolote la mashindano. Waandaaji wengi hawakatai ukiwaeleza mapema na ukalipa kiingilio chao. Mshushe, mtembeze kwa mkono, mwache ale nyasi pembeni mwa kelele, mrudishe nyumbani. Mara ya kwanza Pilipili hakula. Alisimama pale nyuma ya malori, shingo juu, masikio yanakimbizana, mavi yanatoka laini kila baada ya dakika chache, na kila farasi aliyepita alimwitia kwa sauti ya kupasua masikio. Matatu za Ngong Road zikipiga honi upande wa pili, yeye anaruka kando. Sikumkaripia wala kumbembeleza. Nilimtembeza huku na huku, nikimsimamisha, nikimrudisha hatua mbili nyuma, nikimgeuza, ili awe na kitu cha kunisikiliza. Saa ilikwenda. Ghafla akashusha kichwa, akatoa pumzi ndefu puani ile ya kutetemesha pua, akang'oa nyasi. Nikamwacha ang'oe tatu nne, tukarudi kwenye lori, tukaenda nyumbani. Watu waliniona mjinga kumsafirisha farasi kuja kula nyasi.

Kitu kingine: mpeleke peke yake mara nyingine. Akisafiri na rafiki yake wa banda la jirani, siku nzima ataishi kwa kulia rafiki akitolewa machoni pake.

Siku ya kushindana, mpande mara mbili. Ya kwanza asubuhi, dakika kama 20, bila haraka, mbali na uwanja wa kupashia misuli ukiweza. Kisha mtandue, mpe maji na nyasi, apumzike. Ya pili ni fupi, karibu na muda wako, ili ukitoka kupasha misuli uingie moja kwa moja. Kinachomwasha farasi wa aina hii ni kusubiri akiwa ametandikwa, na mpandaji naye juu yake anaangalia saa. Mtume mtu akuulizie kwa stiwadi, msimamizi wa uwanja, kama ratiba imechelewa. Ikichelewa nusu saa, shuka, legeza mkanda, mtembeze.

Uwanja wa kupashia misuli ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, kwa maoni yangu mbaya kuliko hata nyika. Farasi wanakuja usoni kwake, kushoto kwa kushoto kama sheria inavyotaka, mwingine anamkata mbele, watoto na poni zao wanapiga kanta, mbio za wastani, nyuma ya mkia wake. Kama anarusha mateke mfunge utepe mwekundu mkiani, watu watakupisha, na hata kama harushi sana sitakusema ukiufunga. Usimfanyishe mizunguko mikubwa ya kanta ukidhani atachoka. Mpe maswali madogo madogo: troti hatua nane, tembea hatua nne, troti tena, sogea kando kwa kuukwepa mguu wangu, geuka, badilisha upande. Na weka miguu yako ubavuni. Najua kila kitu mwilini kinakwambia uiondoe. Farasi moto asiyezoea kuguswa na miguu atashtuka siku utakapomgusa kwa bahati mbaya. Aliyezoea anaichukulia kama mkono begani.

Ndani ya uwanja angalia kipande cha kutembea kwa vigwe virefu. Kwenye madarasa mengi alama zake huhesabiwa mara mbili, na hapo ndipo farasi wetu hurukaruka badala ya kutembea. Usimtupie vigwe vyote mara moja. Vitoe sentimita kwa sentimita, ukiwa umemkunja kidogo ndani, akishusha shingo kidogo tu ridhika. Alama nne kati ya kumi yenye hatua za kutembea naipenda kuliko kubahatisha saba halafu mkavuka ubao.

Hapa niseme neno kwa waliokushauri ununue farasi wa dresaji wa Ulaya. Mchezo huu ulizaliwa kama mtihani wa farasi wa jeshi, ukaingia Olimpiki mwaka 1912 huko Stockholm, na kwa miongo mingi siku ya nyika ilikuwa na kilomita za barabara na kipande cha mbio za kuruka kabla hata hujafika kwenye viunzi vya nyikani. Vipande hivyo viliondolewa Olimpiki kuanzia Athens 2004. Miaka yote hiyo farasi mwenye damu ya mbio ndiye aliyetawala. Leo dresaji ina uzito zaidi, ni kweli, lakini kwenye sentimita 80 huhitaji farasi wa kucheza muziki.

Piga hesabu yenyewe. Dresaji ukipata asilimia 58, zile zinazobaki hadi 100 ni adhabu, unaanza na pointi 42, na mwenye chache ndiye anayeshinda. Mwenzako mwenye farasi mtulivu kapata 70, ana 30. Akiangusha kiunzi kimoja anaongeza 4. Farasi wake mtulivu akikataa kuruka gogo moja nyikani anaongeza 20, sasa ana 54. Wewe na mwehu wako mkimaliza viunzi vyote safi na ndani ya muda, mnabaki na 42 zenu. Pilipili hajawahi kuongoza baada ya dresaji, na ubavuni mwa banda lake zinaning'inia tepe.

Ila huo muda nao uuheshimu. Ngazi za chini kasi inayotakiwa huwa kama mita 350 hadi 450 kwa dakika, kutegemea ngazi na waandaaji. Farasi wa mbio akiwa wazi anafika kilomita 60 kwa saa, yaani mita 1,000 kwa dakika. Unachomwomba ni chini ya nusu ya kile anachokijua. Na usidhani kuwahi ni sifa: sehemu nyingi ukimaliza mapema kupita kiasi kwenye madarasa haya unaadhibiwa pia, na ni haki. Nyumbani pima mita 400, weka vijiti viwili, jifunze kuzipita kwa dakika moja kamili bila kutazama saa. Utashangaa ni polepole kiasi gani.

Pale kwenye kiboksi cha kuanzia nyika, kwa farasi aliyetoka getini ni kama kurudi Ngong. Sheria haihitaji asimame tuli kama mlingoti. Inakataza kuondoka kwa kuruka na kujipatia faida. Kwa hiyo tembea duara nje, ingia wakati anayehesabu anakaribia tano, ukiwa umeelekea pembeni, geuka, toka kwa troti. Ndiyo, troti. Kanta ije baada ya hatua kadhaa. Mruhusu saisi wako akuongoze hadi ndani kama anatulia zaidi akiwa na mtu, mradi amwachie kwa wakati. Kati ya kiunzi na kiunzi usipigane naye njia nzima. Inuka kifua, kaa mrefu, mrudishe kwa mwili wako mapema, hatua kumi kabla ya kiunzi, kisha mwachie mikono aone anachoruka. Wanaovuta hadi kwenye gogo lenyewe ndio wanaoanguka, kwa sababu farasi kichwa kiko juu na haoni miguu yake inakokanyaga. Kofia nzuri na kizibao cha kujikinga kifua siyo mapambo. Viunzi vya nyikani ni magogo, havidondoki.

Ukimaliza, usimsimamishe papo hapo. Shusha mwendo taratibu, shuka, legeza mkanda, mtembeze na kumwagia maji hadi pumzi irudi. Halafu usimpakie moja kwa moja. Akae kidogo, ale, aone shoo inaisha bila kelele.

Kuhusu kumuuza. Tofautisha farasi anayechemka na farasi anayepotea. Anayechemka anaruka, anatoa jasho, analia, lakini sikio moja bado liko kwako na ukimgeuza anageuka. Huyo maelezo yako yanafanana naye, hata siku ile alipovuka ubao, maana umesema alisimama mwenyewe hatua chache mbele. Endelea naye, mpe msimu mzima wa shoo ndogo. Anayepotea ni yule anayeondoka nawe haoni mti wala waya, na hajui kama uko juu yake. Huyo akaguliwe meno, mgongo na tumbo kwanza. Akiwa mzima na bado anafanya hivyo, mtoe kwenye nyika kabisa, hata kama sokoni atakupotezea pesa, na mwambie mnunuzi ukweli wote kabla hajatoa shilingi.

Ukipata nafasi tuandikie anakula nini kwa siku na anatumia lijamu gani sasa hivi. Na ule mkanda wa pua uliosema wamekukazia siku ya shoo, ulegeze vidole viwili vipite juu ya mfupa wa pua kabla hujajaribu kitu kingine chochote.