Maswali yenu: Tuwapongezeje watoto wanapofanya vizuri shuleni?

Shule zimefungwa, ripoti zimefika nyumbani, na wasomaji wameuliza namna ya kuwapongeza watoto. Nimejibu haya manne.

Mwanangu wa darasa la pili ameanza kusoma mwenyewe. Nilitaka tufurahi kidogo, lakini baba yake anasema tusubiri afaulu darasa la saba. (Mama, Morogoro)

Msisubiri. Kazi kubwa ya madarasa mawili ya kwanza ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto asiyejua kusoma atapata tabu katika kila somo linalofuata, hata hesabu za mafumbo. Wako amevuka hapo! Leo baada ya chakula cha jioni zimeni televisheni, awasomee ukurasa mmoja. Baba akae karibu asikilize. Mtoto akikwama kwenye neno, mpeni muda alitamke mwenyewe. Kisha mpigieni bibi simu, naye asomewe.

Familia nyingi za Pwani hufanya hivyo mtoto akihitimu msahafu: anasoma mbele ya ndugu na majirani, dua inaombwa, ndipo watu wanakula. Anapongezwa akiwa anakifanya kile alichojifunza, na kila mtu anakisikia. Natamani tufanye vivyo hivyo hata kwa hadithi ya sungura na fisi.

Nimewaahidi wanangu shilingi 5,000 kwa kila A. Kuna ubaya? (Baba, Mwanza)

Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa zawadi kabla ya kuchora, baadaye walipoachiwa wachore kwa hiari yao, walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa zawadi bila kuitarajia hamu yao haikupungua.

Ahadi uliyokwisha kuitoa itimize. Muhula ujao usitangaze bei. Mtoto akifanya vizuri, mnunulie rangi au kitabu, na umwambie ulichokiona: "Nilikuona ukirudia zile hesabu za sehemu mpaka ukazipata."

Dada mtu amekuwa wa 2, mdogo wake wa 41. Nikimsifia mmoja, mwingine analia. (Mama, Tanga)

Achana na nafasi. Hata Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja shule na wanafunzi bora kitaifa. Chukua ripoti ya mdogo ya muhula uliopita, uiweke kando ya hii. Kama Kiingereza kimetoka 28 kikafika 45, hilo lipongeze, na dada yake alisikie.

Dada naye asinyimwe furaha yake kwa sababu ya machozi ya mwenzake. Mpe siku yake. Na kama kwa mdogo hakuna kilichopanda, usimsifie uongo, atajua. Kaa naye na madaftari likizo hii, somo moja tu kwanza, ili muhula ujao kuwe na la kweli la kusifia.

Hali ya fedha ni ngumu. Nifanyeje? (Mlezi, Dodoma)

Achague yeye chakula cha Jumapili, hata kikiwa wali na maharage, na siku hiyo asioshe vyombo. Karatasi ya kazi yake ibandikwe sebuleni. Mgeni akija, aieleze mwenyewe.