Ukavu wa Mti na Ukazo wa Mpini: Ushauri kwa Anayeanza Kutengeneza Zana za Bustani

Katika siku zangu za uanagenzi nililetewa shoka ambalo kichwa chake kilikuwa kikicheza, nami nikalitumbukiza katika ndoo ya maji usiku kucha, kwa sababu ndivyo nilivyoona wengine wakifanya. Asubuhi kichwa kilikuwa kimekaza barabara. Baada ya siku chache shoka lilirudi likiwa limelegea kuliko lilipoletwa mara ya kwanza, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mimi niliyeliharibu. Mti ukinywa maji huvimba, lakini ukiwa ndani ya tundu la chuma hauna pa kutanukia, hivyo nyuzi zake hupondeka kwenye kuta za tundu. Unapokauka tena husinyaa ukawa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kulowekwa. Kuloweka, basi, ni kukopa siku mbili za ukazo kwa gharama ya mpini mzima.

Jambo hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla ya kugusa tupa au randa: kinachoshika chuma ni mti mkavu uliochongwa ukaenea tundu lake. Mti uliokatwa karibuni husinyaa sana kwa upande wa unene, ingawa kwa urefu haupungui kiasi cha kuonekana, na kwa hiyo mpini wa mti mbichi, hata ukichongwa kwa ustadi wa namna gani, utaachana na chuma chake wenyewe. Maseremala hukadiria kwamba mbao inayokaushwa kwa hewa huhitaji takriban mwaka 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Pasua gogo uwe na vipande vinene kuliko mpini unaoutaka, paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili ili zisikauke haraka na kupasuka, kisha viweke kivulini mahali penye hewa. Ukiwa na mizani, pima kipande kila baada ya wiki chache; uzito ukiacha kupungua, mti uko tayari.

Nimesema upasue gogo, sikusema ulikate kwa msumeno, na nina sababu. Mpasuko hufuata nyuzi za mti, ilhali msumeno hukata popote unapoelekezwa, kwa hiyo mpini uliotoka kwenye mbao ya kiwandani huenda ukaonekana umenyooka huku nyuzi zake zikitoka ubavuni katikati ya urefu wake. Hapo ndipo utakapovunjika. Ukinunua mpini, utazame kwa urefu kama mtu anayekagua uzi wa kupigia mstari, na uukatae ukiona nyuzi zinazokimbia mshazari au kifundo karibu na mahali pa kuingilia tundu. Wapo mafundi wanaosisitiza zaidi kwamba pete za mti zinazoonekana kwenye ncha zielekee upande wa pigo. Sibishani nao, lakini kwa niliyoyaona, mnyooko wa nyuzi una uzito mkubwa zaidi. Chagua mti mgumu unaopinda kidogo kabla ya kuvunjika. Msonobari na miti mingine laini haifai kwa zana za kupigia.

Si kila mpini ulioumia unahitaji kutupwa. Ufa mfupi unaofuata urefu wa mpini wa reki au wa kijembe cha palizi unaweza kufunguliwa kidogo, ukajazwa gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, ukabanwa hadi siku inayofuata. Mpini uliovunjika kwa kukingama hauungiki. Kwa shoka, sururu na zana yoyote inayoinuliwa juu ya bega, mimi siungi ufa wa aina yoyote, kwa kuwa kichwa cha chuma kinachochomoka hewani hakichagui wa kumpiga.

Kutoa kisiki cha mpini wa zamani ni kazi ya subira. Kata mpini karibu na chuma, toboa kisiki kwa keekee mara kadhaa ili kipungue nguvu, kisha kisukume kwa kipande cha chuma na nyundo. Usikichome motoni. Makali ya shoka yamepewa ugumu wake kwa joto lililopimwa, na chuma hicho kinapogeuka buluu kimekwisha kufika karibu nyuzijoto 300, ugumu umepungua, na hakuna tupa itakayourudisha.

Kabla ya kuchonga mpini mpya, tazama tundu lenyewe, maana ndilo litakalokuambia mpini uingie kwa upande gani. Mpini wa shoka huingia kutoka chini, nao hukazwa juu kwa kabari. Mpini wa sururu na wa majembe mengi yenye tundu una kichwa kinene: mkia wake hupitishwa kwanza kutoka juu, chuma kikateremka hadi kwenye unene, na kila pigo hukisukuma kikaze zaidi. Huo hauhitaji kabari wala msumari, na anayeupigilia misumari huupasua tu.

Kwa shoka, paka masizi ndani ya tundu, ingiza mpini, utoe, kisha uchonge pale palipochafuka peke yake. Rudia hadi masizi yaenee pande zote. Wageni wengi huchoka hapa wakategemea kabari ifidie, lakini kabari hutanua juu tu. Chini palipo wazi hubaki wazi. Pasua ncha ya mpini kwa msumeno hadi theluthi mbili za kina cha tundu. Ili kukipandisha kichwa, shika mpini hewani kichwa kikiwa chini, kisha gonga kitako chake kwa nyundo ya mbao: uzito wa chuma hukifanya kibaki mahali pake huku mpini ukizama ndani yake. Pigilia kabari ya mbao kavu na ngumu katika mpasuko uliokata, hadi ikatae kuendelea, na ukate ziada ukiacha milimita chache zijitokeze juu ya chuma.

Beleshi lina mfuko, yaani mdomo wa chuma uliozibwa mwisho ambamo mpini huingia, badala ya tundu. Sugua vichwa vya ribiti, zile pini za chuma zinazoshikilia mpini, kwa tupa, zisukume zitoke, na uhakikishe mpini mpya unafika mwisho wa mfuko, kwa sababu nafasi inayobaki hukusanya maji na kuozesha mti. Mundu una mkia, yaani ncha nyembamba ya chuma inayoingia ndani ya mpini: visha mpini pete ya chuma kwanza, kisha toboa tundu jembamba kidogo kuliko mkia huo.

Mwishowe lainisha kwa msasa na upake mafuta ya kitani kwa tabaka nyembamba, ukifuta ziada na kuacha kila tabaka likauke. Matambara uliyotumia yatandaze nje yakauke moja moja au yazamishe katika maji, kwa kuwa yakirundikwa hupata joto yenyewe kadiri mafuta yanavyokauka, na yanaweza kuwaka bila kuguswa na moto.