Gari lililobadilishwa injini: anza na namba
Ndugu, umeuliza kama ununue gari lililotumika ambalo muuzaji anakiri limefungwa injini nyingine. Kubadilishwa injini peke yake si kasoro. Shida ni imetoka wapi na nani aliifunga. Linganisha namba iliyogongwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na ile ya kadi ya gari. Zikitofautiana, muuzaji arekebishe usajili kabla hujatoa hata senti, maana kesho utakayeulizwa ni wewe.

Kalikague injini ikiwa baridi kabisa. Ukikuta ameshaiwasha, jiulize kwa nini. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Fungua kifuniko cha oili: utando mweupe kama maziwa huenda ni maji yanaingia. Kilomita za kwenye dashibodi, hizo ni za bodi ya gari tu, si za injini hiyo. Na fundi awe wako, siyo wake.