Maswali na Majibu: Trauti Wanaorudishwa Mtoni Wanakufa

SWALI: Ninasimamia loji ndogo ya wavuvi upande wa Nyeri. Wageni huvua trauti kwa nzi bandia (ndoano iliyofungwa manyoya au nyuzi ifanane na mdudu) na kuwarudisha majini, lakini jioni tunakuta baadhi yao wameelea wamekufa. Tunakosea wapi?
Meneja wa loji

JIBU: Anza na joto la maji. Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Aliletwa mwaka 1905 akawekwa katika mto Gura, na hustawi penye maji baridi tu. Maji yakipata joto hubaki na oksijeni kidogo, na samaki anayepambana na mshipi ndiye anayeihitaji zaidi. Funga kipimajoto kwenye kamba, upime alasiri. Yakifika nyuzijoto 20 za Selsiasi, simamisha uvuvi hadi asubuhi, hata kama mgeni amelipia siku nzima.

Kisha angalia uzi wa mwisho unaoshika ndoano. Ukiwa mwembamba mno, mgeni anaogopa kuvuta, na samaki anachoka kabisa kabla hajafika wavuni. Kwa nzi wakubwa waliofungwa kwenye ndoano za ukubwa namba 10 au 12, tumia uzi wa milimita 0.18.

Kijino cha ndoano kibonyezwe kwa koleo kabla mgeni hajaondoka lojini, ili ndoano ichomoke bila kurarua. Ikimezwa, usiichokoe: kata uzi karibu na mdomo. Wavu uwe wa mpira, na mikono ilowanishwe kwanza, kwa kuwa mikono mikavu humbandua samaki ute unaomkinga na kuvu. Picha ndiyo inayoua wengi. Samaki abaki majini hadi kamera iwe tayari, ainuliwe sekunde chache tu, arudi.

Kumwachia nako kuna namna yake. Tafuta maji yanayotembea taratibu, si penye mkondo mkali. Mkono mmoja ushike shina la mkia, mwingine umtegemeze chini ya tumbo, kichwa kielekee mto unakotoka. Usimsukume mbele na nyuma, maana maji yanayoingia kinyume kwenye mashavu hayampi pumzi. Ngoja avute mkia mwenyewe.

SWALI: Kila mgeni akinasa samaki mzuri, uzi unakatika. Je, ni uzi mbovu?
Mwongozaji wa wavuvi

JIBU: Mara nyingi uzi hauna kosa. Tazama ncha iliyobaki. Ikiwa imejisokota, fundo liliteleza: lilikazwa vibaya. Lowanisha kila fundo kwa mate, likaze polepole, kwani msuguano mkavu huunguza nailoni. Ikiwa ncha imenyooka na uzi umekatikia mbali na ndoano, pengine palikuwa na kifundo kidogo kilichojifunga wakati wa kurusha, mgeni anapoisukuma fimbo kwa nguvu za ghafla badala ya kuongeza mwendo polepole. Kifundo hicho hupunguza sana nguvu ya uzi. Kila baada ya muda mfupi upitishe uzi kati ya vidole. Ukikigusa, usihangaike kukifungua. Kata, ufunge upya.