Pima Masikio Kabla ya Sindano ya Kwanza

Ninyi mnaoanza kazi wodi ya kifua kikuu sugu au ya saratani, mgonjwa apimwe usikivu kabla hajachomwa amikasini (antibiotiki ya kifua kikuu sugu) au kutundikiwa dripu ya sisplatini (dawa ya saratani), maana zote mbili zinaweza kuharibu masikio. Pasipo kipimo cha mwanzo, baadaye mtabaki kubishana kama alikuja na uziwi wake au ameupatia kwenu.

Kama mashine ya kupima usikivu inafika sauti nyembamba kupita hezi 8,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), pimeni hadi huko. Dawa hizi huanza kuua seli za vinyweleo zilizo mlangoni mwa koklea (kiungo cha kusikia ndani ya sikio), zinazopokea sauti nyembamba, ndipo uharibifu upande kuelekea sauti za mazungumzo. Kwa hiyo mgonjwa atakujibu vizuri tu huku seli zinakufa. Muulize kama masikio yanalia. Muulize pia kama anayumba akitembea gizani, maana seli za jamii hiyohiyo ndizo zinazoshika mizani ya mwili, na jentamaisini, antibiotiki ya jamii ya amikasini, huzishambulia hizo zaidi.

Koklea moja ina seli hizi kama 15,000 tu, na kwa binadamu mzima zikifa hazioti tena. Kuku anatushinda: mwaka 1988 ilionyeshwa kwamba kwa ndege, seli jirani zinazozishikilia hugawanyika na kuzaa mpya. Ndiyo maana wagonjwa hutuletea habari za "dawa ya kuotesha masikio." Wajibuni kwa upole, lakini msiwape matumaini ya bure. FX-322, dawa ya majaribio ya kuotesha seli hizo, ilisubiriwa kwa hamu, na mwaka 2023 jaribio lake likaonyesha haikuizidi dawa ya kulinganishia isiyo na kiini chochote.

Kinga ndiyo iliyopiga hatua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziweka kando kanamaisini na kapreomaisini, sindano za kifua kikuu sugu zinazodhuru masikio, vidonge vikashika nafasi, bedakwilini ikiwemo. Kwa watoto wenye saratani ambayo haijasambaa, Marekani iliidhinisha sodiamu thayosalfeti, dawa ya kukinga masikio dhidi ya sisplatini, mwaka 2022. Hiyo huanza saa 6 baada ya sisplatini kuisha. Ukiiwahisha itainasa sisplatini yenyewe, na uvimbe utabaki bila dawa.

Swali la kumuuliza mgonjwa linalosahaulika sana: upande wa mama yake, kuna aliyekuwa kiziwi baada ya kuchomwa sindano? Lipo badiliko la vinasaba linalorithiwa kwa mama tu, na mwenye nalo anaweza kupoteza usikivu hata kwa dozi ya kawaida ya amikasini. Akisema yupo, mwiteni daktari kabla hamjafungua chupa.