Mahari aliyokuja nayo bibi harusi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Katika kazi yake ya historia aliandika: "Mfalme Philippe II wa Ufaransa alipata Artois kwa mahari ya mkewe, kisha akateka Normandie." Mwalimu wake kapiga mstari chini ya "mahari" na "akateka", hakueleza kitu. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. Mstari wa kwanza umestahili. Wa pili sikubaliani nao sana.

Mahari kwa Kiswahili ina njia moja tu: hutoka upande wa mume kwenda upande wa mke. Kwa Waislamu ni haki ya bibi harusi mwenyewe, kwingine hupokewa na wazazi au ukoo wake, lakini muoaji hapokei mahari. Kwa hiyo ukisema "mahari ya mkewe", msomaji ataelewa kwamba Philippe ndiye aliyeitoa Artois, nchi ya kaskazini mwa Ufaransa, ili apewe mke. Mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1180 Philippe, kijana wa miaka 14, alimwoa Isabelle wa Hainaut, mtoto wa miaka 10, na mjomba wake binti huyo, mtawala wa Flandre, akaahidi kuwa Artois itakwenda naye. Ahadi yenyewe ilichelewa kutimia. Mjomba aliishikilia nchi mpaka alipokufa kwa maradhi mwaka 1191, jeshi la msalaba lilipouzingira mji wa Acre huko Palestina, na Isabelle alikwisha kufa mwaka uliotangulia kwa uzazi. Artois ikamwangukia mtoto wao Louis, naye bado mdogo, basi mkono uliokuwa juu yake ni wa baba.

Nadhani binti kaponzwa na Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki, ambacho huita mahari na mali ya namna hii kwa neno lilelile, "dowry". Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa mali hii, nami sioni haja ya kulibuni. "Mali aliyoingia nayo mke" inatosha.

Sasa "kuteka". Huko ni kuchukua kwa nguvu ya vita. Ngome ya Château Gaillard, huko Normandie kando ya mto Seine, ilizingirwa kwa miezi ikaanguka Machi 1204: imetekwa, hakuna ubishi. Rouen, mji mkuu wa Normandie, ilisalimu amri Juni mwaka huohuo. Huenda mwalimu alikumbuka yaliyotangulia vita. John wa Uingereza aliishika Normandie kwa kiapo cha utii kwa mfalme wa Ufaransa. (Asije akamwita "kibaraka", kama wengine wanavyoandika! Kibaraka hutumwa, John alikuwa mfalme kamili kwao.) Mabwana wa Lusignan, ukoo wa makabaila wa Ufaransa waliokuwa chini ya John, walipomshtaki, Philippe alimwita barazani mwaka 1202. Hakutokea, na baraza likaamua apokonywe ardhi alizozishika kwa kiapo hicho. Basi aliyesimama Paris angesema nchi "imetwaliwa", kwa kuwa kutwaa hakubagui upanga na hukumu. John angesema "nimenyang'anywa". "Kuteka" hakuegemei upande wowote, kunaeleza vita tu na kuiacha kesi.

Ningekuwa binti, ningeandika hivi: "Artois iliingia katika nasaba ya Philippe II kwa ndoa, Normandie aliitwaa kwa vita mwaka 1204, baada ya hukumu ya baraza lake."